Nesi Alinifundisha Kutulia

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kutembelea vihamba katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Leo siandiki juu ya kahawa tu. Nataka kukueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa masika ya mwaka 2021. Chulebuni ilishambulia kahawa. Ugonjwa huu hupenda baridi na unyevu, nao huozesha buni changa mtini. Kila siku wakulima waliniita. Usiku sikulala vizuri. Kichwa kiliniuma.

Siku moja nilimkuta mzee mmoja hajapulizia dawa. Nilimfokea mbele ya wajukuu zake. Mzee hakunijibu. Aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuja mkutanoni. Majirani zake watatu nao wakaacha kuja.

Nilikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa. Nesi alinipima shinikizo la damu. Lilikuwa juu. Aliniandikia barua nikamwone daktari mjini. Kisha akaniuliza, "Bwana Shamba, usiku unalala?" Nikamweleza yote, hata habari za yule mzee.

Naye akanieleza yake. Jioni moja alikuwa amehudumia wagonjwa tangu asubuhi. Kidogo tu ampe mtoto dawa ya mtu mzima. Mama wa mtoto ndiye aliyeuliza, "Sista, mbona vidonge hivi ni vikubwa?" Nesi alitetemeka. Usiku ule alitaka kuacha kazi. Mwenzake mmoja akamfundisha zoezi la kutulia kwa kuongozwa. Sasa kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, wafanyakazi wa zahanati hukaa pamoja dakika 10.

"Njoo kesho uone," akaniambia. Nikaenda.

Tulikaa kwenye mabenchi, mikono mapajani. Tukafumba macho. Mmoja alisema polepole, sisi tukafuata: "Vuta pumzi kwa pua. Itoe polepole. Legeza mabega. Legeza taya. Sikiliza maji ya mfereji. Wazo likija, usigombane nalo. Liache lipite, urudi kwenye pumzi." Ni hayo tu.

Siku ya kwanza niliona ni upuuzi. Niliwaza pikipiki yangu iliyoharibika. Lakini niliendelea. Baada ya wiki mbili nilianza kupata usingizi.

Kwa nini zoezi hili husaidia? Fikiria bomba la kupulizia dawa. Ukipampu bila kuacha dawa itoke, mpira utapasuka. Mtu mwenye hofu au hasira, moyo wake huenda mbio na misuli hukaza. Akitoa pumzi polepole, moyo hupunguza mwendo. Daktari Herbert Benson wa Marekani aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1975. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa kitabu cha picha cha kufundisha watu kutulia wakati wa shida.

Je, huu ni uganga, au dini mpya? Hapana. Mkristo hufanya, Mwislamu hufanya, kila mtu na imani yake.

Lakini nisikudanganye. Zoezi hili haliondoi dawa. Mimi vidonge vya shinikizo nameza hadi leo. Wala haliongezi nesi wa pili zahanati. Nesi aliyechoka anahitaji mapumziko na msaidizi. Zoezi humpa nafasi ndogo kabla ya mkono kutoa dawa. Katika nafasi hiyo husoma karatasi ya chupa mara ya pili.

Mimi nafasi hiyo niliitumia kwa yule mzee. Nilichukua jani la sale. Ninyi wa huku mnajua maana yake. Nilikaa chini ya mringaringa wake, nikavuta pumzi polepole mara 10. Kisha nikapiga hodi, nikamwomba radhi mbele ya wajukuu wale wale.

Mzee akalipokea jani. Akasema, "Mwanangu, siku ile sikuwa na fedha ya dawa. Wewe hukuniuliza."

Ni kweli. Sikuuliza. Hasira ilikuwa imeziba masikio yangu. Siku hiyo tuliingia shambani pamoja. Tukapunguza kivuli, tukapogoa, tukaokota buni zilizooza. Kazi hizo hazikuhitaji fedha. Tukapanga pia apande miche inayostahimili chulebuni, iliyotokana na utafiti wa Lyamungo. Mkutano uliofuata alikuja, na majirani zake wakaja.

Ndugu msomaji, kama wewe ni nesi, mkunga au mhudumu wa afya wa kijiji, jaribuni zoezi hili na wenzako. Halina gharama. Na wewe mgonjwa, ukimkuta nesi amefumba macho asubuhi kabla ya kufungua mlango, usiseme analala. Anajiandaa kukuhudumia.