Tulitafuta Saa ya Kweli, Tukatamani Uongo



Nyumba nyingi zina kitu kilichouzwa siku ya shida, na tangu hapo hakuna anayekitaja. Kwetu kitu hicho kilikuwa saa ya mkono ya baba mkwe, mwalimu mstaafu wa Mlalo. Ilikuwa Seiko 5, aliyoinunua angali kijana, na fundi alimchongea nyuma yake herufi mbili za majina yake. Mama mkwe alipougua sana, Baba aliiuza ili apate nauli na fedha za matibabu. Mama alipona, Mungu ashukuriwe, lakini saa haikurudi. Baba hakulalamika. Ila kwa miaka mingi tulimwona akigeuza mkono wa kushoto na kutazama mahali pasipo na kitu.

Alipokaribia kutimiza miaka 80, sisi mke na mume tulivunja kibubu, tukaamua kumtafutia saa ya aina ileile. Kazi haikuwa rahisi. Seiko 5 zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1963, na zile za zamani zimeshapita kwenye mikono ya mafundi wengi. Kwa hiyo kwanza tulimwendea fundi saa mmoja wa hapa Lushoto, naye akatufundisha mambo manne.

Kwanza, geuza saa. Nyuma ya Seiko za miaka hiyo kuna namba ya aina yake, na tarakimu nne za mwanzo hutaja mashine iliyomo ndani, kwa mfano 6119. Kuna namba nyingine ambayo tarakimu yake ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Saa yenye mashine ya 6119 na namba inayoanza na 23 ilitengenezwa Machi 1972.

Pili, tazama usoni kwa kioo cha kukuzia. Chini kabisa, karibu na ukingo, kuna maandishi madogo mno, na kwa kawaida nayo huanza na tarakimu za mashine ileile. Zisipolingana, huenda uso umetoka kwenye saa nyingine. Maandishi yakiwa hayapo, au yamepinda na kuvimba, huenda uso umepakwa rangi upya.

Tatu, pitisha kidole kwenye pembe za chuma. Saa iliyosuguliwa mno hupoteza pembe zake, ikawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Nne, linganisha uzee. Uso mpya kabisa wenye mishale iliyochakaa unahitaji maelezo.

Tukiwa na elimu hiyo tulishuka Soni, tukapita Mombo hadi Tanga. Muuzaji mmoja alitutolea saa yenye uso wa buluu, inang'aa kama imetoka dukani jana. "Mama, hii haijaguswa tangu kiwandani," alisema. Mmoja wetu ni muuguzi, naye amezoea kutompima mgonjwa kwa kumtazama usoni tu. Tukatoa kioo chetu. Nyuma palisema 6119, usoni palisema 7009, na maandishi yalikuwa manene. Tulikuwa tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tulipomwonyesha, muuzaji alicheka, akashusha bei. Kisha akauliza ni ya nani, nasi tukamsimulia habari za Baba. Akasema, "Nipeni herufi za majina yake, nizichonge hapa nyuma. Mzee ataamini ni ileile yake."

Akina mama, hatutaficha: tulitamani. Tulitoka nje tukasimama kivulini. Mmoja wetu alisema huo ni uongo wa upendo, na mwenzake hakuwa na jibu la haraka. Tuliona jinsi Baba atakavyofurahi. Lakini tulikuwa tumesafiri na kioo cha kukuzia ili tusidanganywe, na sasa tulikuwa tayari kulipa fedha ili tumdanganye mzee wetu. Tulipanda basi kurudi Lushoto mikono mitupu.

Baada ya wiki kadhaa yule fundi wetu alituita. Alikuwa amepata moja, uso wake umegeuka rangi kidogo, pembeni ina mikwaruzo. Alituambia bila kuulizwa: "Kioo nimebadilisha. Mkanda ni mpya. Mashine nimeisafisha na kuitia mafuta. Uso na mishale ni vyake vya asili. Msiivae kwenye maji." Namba zililingana. Tuliiacha itembee siku nzima, tukailinganisha na saa ya simu, tukalipa.

Pale tulielewa kwamba matengenezo si aibu. Saa ya umri huo isiyowahi kusafishwa haiwezi kutegemewa. Kosa ni kuyaficha.

Siku ya sherehe Baba aliipokea kwa mikono miwili, na jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza. Akapitisha kidole gumba pale nyuma, palipo laini. Mioyo yetu ilidunda.

"Baba, siyo ile," tukasema. "Ni ya aina ileile tu."

"Nimeona," alisema. Akamtazama Mama aliyekuwa akigawa chai. "Ile ilimrudisha mama yenu nyumbani. Sikutaka irudi." Kisha akanyoosha mkono ili afungiwe mkanda, akauliza ni saa ngapi.

Tungechonga zile herufi, tungemnyima nafasi ya kutuambia neno hilo.

Wapendwa, katika nyumba zetu nako kuna mengi yaliyovunjika yakatengenezwa. Mwenzi wako au mtoto akiuliza, mwambie kilichobadilishwa na kilichobaki. Bwana atusaidie kusema kweli, hasa pale uongo unapofanana na upendo.