Jahazi la Binti Yetu

Binti yetu alipotuomba kompyuta ajifunze kutengeneza katuni, tulimkatalia kabla hajamaliza maneno. Tulichelea wakati kupotea, na zaidi tulichelea picha za viumbe wenye roho, jambo ambalo wanazuoni wamelitolea kauli mbalimbali. Alinyamaza kwa adabu, nasi tukadhani yamekwisha.

Kisha tukatanabahi kwamba wadogo zake hutazama katuni za wageni kila jioni, wala hatujapata kukaa nao tukaona yaliyomo. Tumeyafungulia mlango ya watu, tukaufunga kwa mwanetu! Tulimwita, tukamtaka radhi.

Alichagua Pencil2D, programu isiyolipiwa, akaanza na jahazi baharini, pasi na kiumbe ndani yake. Alichora picha ya kwanza. Alipofungua ya pili, ile ya kwanza ilibaki ikionekana kwa mbali, mfano wa kivuli, ili mkono ujue pa kusogeza tanga. Kila sekunde ilitaka picha 12. Kwa sekunde 5 tu alichora picha 60, na alipokosea alifuta akaanza tena. Sisi tuliohofia upuuzi tukaona darasa la subira.

Wazazi wenzetu, mtoto akitaka kuanza, na aanze na kitu kimoja, akisogeze kidogo kidogo, na ahifadhi kazi yake kila mara. Nasi tukae kando yake, tuulize, tuelekeze. Jahazi lisilo na nahodha huchukuliwa na upepo.

Wabillahi tawfiq.