Yai, Rangi ya Kucha na Mzizi wa Jino

Siku walipomzika mwalimu wake Mwanakwerekwe, baada ya sala ya alasiri, kijana mkubwa wa marehemu alimvuta kando mwandishi wa kumbukumbu hizi na kumtia mkononi kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. "Aliusia lije kwako, Ami." Mwandishi hakulifungua makaburini. Kwa uzito wake na mlio wake alijua kilichomo: kyureti za chuma za kukwangulia mizizi ya meno. Alipofika kwake Malindi, Unguja, akazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa tisa. Ile yenye namba 13/14 ilikuwa imenolewa miaka mingi hata imebaki nyembamba kama sindano ya kushonea kofia.

Kumbukumbu hizi anaziandika akijiita "yeye", na hiyo nayo ni athari ya mwalimu. Mzee yule hakuruhusu kadi ya mgonjwa iandikwe "nimeona" au "nadhani". Andika kilichopo, alisema. Fizi imevimba, damu imetoka, mfuko kati ya fizi na jino una milimita tano. Aliyeshika kalamu hana haja ya kujitaja.

Habari za utoto hazina urefu. Alizaliwa Mji Mkongwe, baba akibeba mizigo bandarini, mama akiuza mandazi barazani. Gego lilipomsumbua, bibi yake alipondaponda karafuu na kuitia kwenye tundu la jino, na maumivu yakatulia. Ndani ya karafuu mna yujenoli, kitu kinachofanya sehemu kubwa ya mafuta yake. Ukiichanganya na unga wa oksidi ya zinki unapata dawa ya kuzibia jino kwa muda, ile yenye harufu inayokupokea mlangoni mwa kila kliniki ya meno. Alikuja kuyajua hayo darasani. Mtoto wa visiwa vya karafuu alikwenda kusomeshwa na wageni kilichokuwa kikianikwa majamvini nje ya kwao.

Skuli ilikwisha, akapelekwa Bara kusomea utabibu wa meno. Muhimbili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kufundisha madaktari kamili wa meno, mwaka 1979, na nchi nzima iliwategemea matabibu kung'oa, kuziba na kusafisha. Zaidi kung'oa. Aliporudi Unguja alipangiwa kituo kimoja cha shamba, na mkubwa wake wa kwanza pale alimwambia kuwa kusafisha meno ni anasa ya watalii. Mwananchi akija na jino bovu, ling'oe, mwite anayefuata. Kwa muda wa mwaka mzima aling'oa meno yaliyokuwa mazima kabisa. Kilichoyalegeza ni ugonjwa wa fizi na wa mfupa uliokuwa ukiyashikilia.

Mwalimu alikutana naye baada ya hapo, kwenye kliniki ya mjini yenye kiti kimoja kilichokuwa kikipanda bila kushuka.

Mtu yule alikuwa mkali, mfupi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya mvua, na aliijua kazi yake kwa vidole. Somo la kwanza lilihusu maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Ukoga ni utando laini wa vijidudu, unarudi kila siku, na mswaki unauondoa. Ugaga ni ukoga ulioganda kwa chumvi za mate ukawa jiwe, na mswaki hauuwezi, uwe wa nailoni au wa mti. "Ugaga unapenda kukaa wapi?" aliuliza. Mwanafunzi akajibu kwa kubahatisha. Mwalimu akamfungulia mdomo wake mwenyewe na kumwonyesha: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na kwenye mashavu ya magego ya juu, kwa sababu hapo ndipo mifereji ya mate inapomwagia. Pa kuanzia kuutafuta ugaga ni pale mate yanapotokea.

Somo la pili lilikuwa la yai.

Alinunua mayai Darajani, akachora kwa rangi nyekundu ya kucha duara dogo juu ya kila ganda, akampa mwanafunzi kyureti. Ondoa rangi yote, usivunje yai, usiache mchirizi juu ya ganda. Shika chombo kama kalamu, lakini kidole cha kati kikae juu ya shingo ya chombo ili kisikie. Kidole cha pete kiegemee mahali imara, karibu na unapofanyia kazi. Chini ya fizi ingia ukiwa umeyalaza makali; yakishapita ugaga, yainue yawe kati ya nyuzi 45 na 90, kisha vuta. Kyureti za Gracey, zilizopewa jina la daktari wa Michigan, zina makali ya kazi upande mmoja tu, ule ulioinama. Namba 11/12 ni ya ubavu wa mbele wa magego, na 13/14 ni ya ubavu wa nyuma. Anayevuta kwa upande usio na makali anausugua ugaga ukawa laini, na akiupapasa anadhani ameumaliza.

Mayai manane yalivunjika, la tisa likatoka salama. Jioni ile nyumbani kwake walikula mayai, na kesho yake pia.

Ugomvi wao ulitoka hapo hapo, ingawa ulichelewa miaka.

Mwalimu alisomeshwa zama ambazo vitabu vilisema kwamba sumu za vijidudu huzama ndani ya sementamu, lile gamba jembamba linaloufunika mzizi. Kwa hiyo haitoshi kuondoa ugaga. Lazima ulikwangue na gamba lenyewe mpaka mzizi uwe laini kama kioo na chombo kilie juu yake. Mwandishi alifanya hivyo kwa wagonjwa wengi. Alifanya hivyo kwa mvuvi mmoja wa Mkokotoni, ambaye alirudi baada ya wiki mbili akisema hawezi tena kunywa maji ya mtungi. Mizizi yake ilikuwa imevuliwa gamba, dentini iko wazi, na kila kitu cha baridi kilimpiga mpaka utosini. Mvuvi hakulalamika. Aliuliza tu ataishi hivyo mpaka lini.

Siku za nyuma kidogo daktari mmoja mgeni alikuwa ameacha kliniki nakala za makala za kitaalamu. Miongoni mwake mlikuwa na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1986, wa Moore, Wilson na Kieser. Walichukua meno yaliyong'olewa kwa ugonjwa wa fizi wakapima sumu iliyo juu ya mizizi. Kusuuza kwa maji dakika moja kuliondoa asilimia 39. Kupiga mswaki dakika moja kukaondoa asilimia 60 nyingine. Sumu ile haikuzama popote. Ilikuwa imekaa juu juu, kama vumbi juu ya meza.

Akaipeleka nakala kwa mwalimu. Mwalimu akaisoma akiwa amesimama, akairudisha. "Karatasi haina vidole."

Mwandishi akaongeza hoja nyingine. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken alianzisha njia ya kutibu meno yaliyotoboka kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine wala umeme: unatoa kilichooza na kulainika, unaacha kilicho imara, unaziba kwa saruji ya glasi inayoshika jino yenyewe. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilipoifanya Siku ya Afya kuwa ya kinywa, njia hiyo ilitangazwa dunia nzima. Ikiwa jino lililooza linaachiwa sehemu yake nzima, kwa nini mzizi uvuliwe gamba lake? Mwalimu akasema hayo ni mambo ya matundu, si ya fizi.

Ndipo mwandishi aliposema neno ambalo mpaka leo hajui kama alikuwa na haki ya kulisema mbele ya wanafunzi. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha nitoe rangi, nisiguse ganda."

Miezi minne hawakusemezana. Kadi za wagonjwa ziliandikwa, vyombo vikachemshwa, salamu ikatolewa kwa kichwa. Sikukuu ikaja, mwandishi akaenda nyumbani kwa mwalimu kutoa mkono wa Idi, akakaribishwa kahawa na kashata, na habari ya mizizi haikutajwa na yeyote.

Miaka ilipita. Mwalimu alistaafu, sukari ikamwandama, na kisukari na fizi huvutana: sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikioza sukari huwa ngumu kuidhibiti. Asubuhi moja alibisha hodi kliniki, akavua kofia, akaketi kwenye kiti. Hakueleza kitu. Mwandishi alipima, akakuta mifuko ya milimita sita, akapiga ganzi. Alipoinua kyureti, mzee akamshika kiganja, akaiangalia ncha kwenye taa.

"Umenoa?"

"Nimenoa."

Akafumba macho. Ile kazi ilichukua saa moja na nusu, kwa mkono mwepesi, na gamba la mizizi likabaki mahali pake. Alipoondoka alishukuru kama mgonjwa yeyote anavyoshukuru. Yeyote anayemtaka mwandishi aseme kwamba mwalimu alikiri, atasubiri sana. Alikuja kukaa kwenye kiti chake, na hilo mwandishi amelipokea.

Sasa mwandishi naye amestaafu, na mwanafunzi wake wa mwisho yuko Toronto. Ni mtoto wa dada yake, anasomea kazi ya usafi wa kinywa, ambayo huko ni fani yenye leseni yake na mtihani wake wa taifa. Fani hiyo ilianzia Bridgeport, Connecticut, mwaka 1906, Alfred Fones alipomfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa. Unguja kazi hiyo hiyo imebebwa na tabibu wa meno pamoja na kung'oa na kuziba. Mpwa hupiga simu Unguja ikiwa imekwisha sala ya alfajiri, kule bado ni usiku wa jana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, leo tuna nini?"

Mjomba humwuliza maswali ya mtihani. Mpwa anayo majibu mengi, na mjomba hukasirika kwa yale anayoyajibu haraka mno. Fizi za mvutaji sigara hazitoi damu, je, ni nzima? Mpwa akasema ndiyo. La! Nikotini hubana mishipa, damu haitoki, na huku chini mfupa unaliwa. Mtu aje na fizi zilizovimba kama uyoga na mswaki anapiga vizuri? Muulize dawa ya presha anayotumia. Nifedipini hufanya hivyo, na dawa ya kifafa ya fenitoini pia. Kina cha mfuko ni milimita 4, fizi imeshuka milimita 3 kutoka shingo ya jino: jino limepoteza kiasi gani cha mshikio? Saba, si nne. Na ikiwa mfuko ni 6 lakini fizi imevimba ikapanda milimita 2 juu ya shingo, limepoteza nne. Namba ya mfuko bila namba ya fizi ni nusu ya habari.

Mtoto wa kilo 15, ganzi ya lignokeini ya asilimia 2, kikomo miligramu 4.4 kwa kilo: katriji ngapi za mililita 2.2? Kila katriji ina miligramu 44, kikomo chake 66, basi ni moja na nusu. Hapo mjomba hana mzaha. Swali la fizi ukikosea unapoteza alama. Hili ukilikosea kwenye kiti, unaweza kumpoteza mtoto.

Vijana wa siku hizi, na hapa hasemi wa Toronto peke yao, wanapenda mashine ya mtetemo na maji kwa sababu ina kasi. Nayo ni nzuri. Anayeitukana hajakaa na ugaga wa mla tambuu wa miaka thelathini. Lakini wanapima meno matatu wakakisia yaliyobaki. Pima pande sita za kila jino! Mfuko unaweza kuwa na milimita mbili hapa, na saba hatua moja ya kidole pembeni. Na wanamwambia mgonjwa "piga mswaki" kisha wanamuaga, wakati mwaka 1965 kule Aarhus Harald Löe aliwaachisha watu 12 kupiga mswaki, na katika siku kumi hadi ishirini na moja fizi za wote zikawaka. Waliporudia mswaki, wiki moja tu zikapoa. Habari hiyo mgonjwa akiipata vizuri huikumbuka kuliko hotuba.

Juzi mpwa aliuliza swali ambalo mjomba alikuwa akilisubiri. "Mjomba, wakiuliza mzizi uwe laini kama kioo, nijibu nini?"

Mjomba alinyamaza kidogo. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa mezani mbele yake.

"Jikoni kwako mna mayai?"

"Yamo."

"Na rangi ya kucha?"

Akacheka, akaenda kuvileta, akaiegemeza simu kwenye birika ili mjomba auone mkono wake. Kidole cha pete kilikuwa hewani. Mjomba akamwambia akiegemeze. Kyureti ikagusa ganda, ikavuta mara moja, mara mbili, na ute ukachuruzika juu ya meza.

"Lete jingine," mjomba akasema.