Fungu la Kuogelea

Hapa Chang'ombe, Dodoma, ninakoishi tangu nistaafu, watu huzungumzia maji ya ndoo, si ya kuogelea. Ndivyo nilivyofikiri hata nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, miaka ya 1990, Serikali ilipobana matumizi na wanachuo wakatakiwa kuchangia gharama. Fungu la kwanza kulikata lilikuwa la kuogelea: nauli ya basi na kiingilio cha bwawa, basi. Nililifuta kwa mkono wangu, na hakuna aliyebisha.

Nilichosahau, ndugu msomaji, ni kwamba mwalimu hapangiwi kwao. Tuliwapeleka vijana wa bara Ukerewe na Mafia.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Nilikesha redioni nikitaja moyoni majina ya wanafunzi wangu wa kanda ile. Sijidanganyi: waliofungiwa ndani ya meli iliyopinduka wasingeokolewa na kuogelea. Hata hivyo sikulala.

Juzi mjukuu wangu aliomba ada ya kujifunza kuogelea. Bibi yake akasema ni anasa. Nilitoa bila kuuliza bei.