Kisanduku cha Barua Kilichogeuka Kibubu

Huku Marekani, vijilango vya shaba vya masanduku ya posta ya zamani vimekuwa pambo. Mafundi huving'oa, wakavifunga kwenye kiboksi cha mbao, wakatoboa tundu juu, tayari mtoto ana kibubu. Nimevikuta kwenye duka moja la vitu vya kale hapa Maryland: kioo kidogo cha kuchungulia kama kuna barua, namba ya sanduku, na kitasa cha kuzungusha kisichohitaji ufunguo. Bei yake sisemi.

Enzi hizo posta ya kijijini ilikuwa kona ya duka. Mwenye duka ndiye bwana posta, na mara nyingi kabati la visanduku alilinunua kwa pesa yake. Nyuma anachomeka barua, mbele wateja wanafungua, na kwa kuwa wameshafika, wananunua sukari na misumari. Posta moja ya namna hiyo, ya Headsville, West Virginia, ilijengwa 1861 na kufungwa 1914. Mwaka 1971 watu wa makumbusho ya Smithsonian waliihamishia Washington. Ni West Virginia hiyohiyo ambako mwaka 1896 serikali ilianza kuwapelekea wakulima barua hadi mashambani bila malipo. Wenye maduka walinung'unika, maana mguu wa mteja ulipungua. Posta ndogo nyingi zikafungwa, makabati yakabaki.

Kwetu Tanzania barua haikumfuata mtu nyumbani. Kijiji kizima kiliweza kutumia S.L.P. moja, ya shule au ya parokia. Shuleni kwetu mwalimu wa zamu alisoma majina mstarini, kisha barua ya mzee fulani ikabebwa na mtoto wa jirani, imeshikwashikwa na nusu ya darasa. Siri haikuwepo, tusidanganyane: bahasha yenye stempu ya ng'ambo ilijulikana mtaa mzima kabla mwenyewe hajaiona. Lakini hata asiyemudu kukodi sanduku alikuwa na anwani, na hilo mimi nalihesabia kubwa kuliko vitasa vya shaba.

Mwaka 2022 ilipigwa kampeni ya anwani za makazi, nyumba zikabandikwa namba. Binamu yangu anayo ya kwake, inang'aa mlangoni. Nikimwambia namtumia kitabu, ananiandikia S.L.P. ya shule anayofundisha.