Kuhesabu Wakati wa Baridi

Wenzangu waliozaliwa pwani hawasadiki niwaambiapo kwamba kwetu ziko asubuhi ambazo majani huwa meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Kwetu ni Makete, mkoa wa Njombe, karibu na uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Tangu Juni hata Agosti baridi huwa kali mno. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, joto la ardhi hupaa, hewa ya baridi hutelemka mabondeni, na alfajiri tunakuta sakitu. Ikishika viazi vichanga huviunguza, majani yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Mwezi wa Juni mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nilikwenda nyumbani likizo nikakuta jambo la kuhuzunisha. Mdogo wangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa katika darasa la awali, na mama alikuwa ameambiwa shuleni kwamba mtoto hajui kuhesabu. Nilishangaa, maana nilimsikia akiimba moja hata ishirini bila kukosea. Nikaweka viazi saba mbele yake nikamwambia, "Hesabu." Akaimba mbio mbio, kidole kikienda njia yake na ulimi njia yake, akafika kumi na moja. Nikamwambia arudie, akafika tisa.

Nasema kweli ingawa naona haya: nilimchapa mkononi na kumwita mjinga mbele ya watoto wa jirani. Hakulia. Lakini tangu jioni ile, kila nilipotaja hesabu alijifunika blanketi gubigubi.

Mama aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, wewe nani alikufundisha kuhesabu? Si bibi yako, hapa hapa jikoni?" Nikakumbuka kwamba bibi hakunihesabisha hata siku moja. Alinituma nigawe viazi vya kuchoma, kila mtu kimoja kimoja, na nikikosea kulikuwa na mtu aliyelala na njaa.

Basi usiku uliofuata, tulipokuwa tukiota moto, sikutaja hesabu. Nilificha mikono yangu katika blanketi nikaanza wimbo niliobuni papo hapo:

Kidole cha kwanza, toka nje,
Tazama kama pana baridi.
Baridi kali! Mwite na mwenzio.

Kila tulipoimba, kidole kimoja kilitoka, na hakikuruhusiwa kutoka kabla ya kuitwa. Vilipotimia vitano nilipuliza kama upepo wa Kitulo, vidole viwili vikakimbilia ndani kuota joto. Nikauliza, "Nje vimebaki vingapi?" Mdogo wangu akachungulia kutoka katika blanketi lake, akasema polepole, "Vitatu." Kisha akatoa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake palikuwa na sakitu. Tulitoka na watoto wa jirani kucheza uwanjani. Kila hatua iliacha alama ya kijani juu ya weupe. Sheria yetu ilikuwa hivi: hatua moja, namba moja, atakayetaja namba bila kukanyaga na arudi mwanzo. Tulipofika mwisho tuligeuka kuzitazama nyayo zetu, nikauliza, "Ziko ngapi?" Mwanzo walizihesabu tena zote. Siku ya tatu mdogo wangu alijibu mara moja, "Kumi na mbili, maana nimeishia kumi na mbili."

Hapo ndipo nilipotambua kosa lilikuwa wapi. Aliyajua majina ya namba kama mtu ajuavyo wimbo wa lugha ngeni. Hakujua kwamba kila jina lataka kitu chake kimoja, wala kwamba jina la mwisho ndilo idadi ya vitu vyote. Mimi nilidhani aliyeimba amehesabu. Kumbe hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hata siku nne kabla ya mimi kurudi shuleni, jioni mbingu zilitakata kabisa. Mama alikuwa na matuta kumi na mawili ya viazi vichanga bondeni, na fedha za viazi hivyo ndizo zinunuazo madaftari yetu. Tulikwenda kuyafunika kwa nyasi kavu. Mdogo wangu ndiye aliyechukua matita, tita moja kwa kila tuta, akiimba njia nzima. Giza lilipoingia nilimwambia mama, "Tayari yote, twende."

Mdogo wangu akanivuta kanga. "Dada, bado moja. Nimetaja kumi na moja tu."

Nilitaka kumnyamazisha, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Lakini mama aliwasha kurunzi akarudi. Chini ya ukingo, mahali penye kivuli, tuta moja lilikuwa wazi. Tukalifunika. Asubuhi bonde zima lilikuwa jeupe. Majani yaliyochomoza nje ya nyasi yaliungua, lakini viazi vilipona, na tuta la kumi na mbili pamoja nayo.

Siku hiyo nilimwomba mdogo wangu radhi. Aliniuliza, "Nikikosea tena utanichapa?" Nikamjibu, "La, tutaanza upya." Bado hajawa bingwa, akifika ishirini na tisa husimama akatazama juu. Lakini hajifuniki tena blanketi.

Wenzangu, wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani, na likizo yaja. Msiokuwa na sakitu mna makombe ya pwani, maembe, au kokwa za bao. Mpeni mtoto kitu cha kushika, wimbo wa kumwendesha, na kazi ambayo hesabu yake ina maana. Nanyi wazazi, mkiambiwa mtoto hajui, tazameni kwanza mmemwuliza kwa njia gani. Mimi niliyejiona mwalimu ndiye niliyekosea hesabu usiku ule, na hakuna aliyenichapa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne