Picha za Kihindi, Kutoka Majestic hadi Sebuleni

Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, siku hizi inatazamwa sebuleni, kwenye simu au kwenye runinga iliyotundikwa ukutani, na mara nyingi inatazamwa ikiwa imekatwa. Ilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, kama picha zote za enzi zake, na runinga za leo ni pana. Wanaoisambaza, ili ijae kioo chote, huikata juu na chini, na anayekatwa ni mtu. Prithviraj Kapoor, akiwa Jaji Raghunath, anatoa hukumu bila paji la uso. Nargis anatembea bila miguu. Nyimbo nazo zinaondolewa kwa madai kwamba zinachelewesha hadithi. Kijana aliyepewa nakala ya namna hiyo, akauliza bibi na babu zake walikuwa wakilia nini, hastahili kulaumiwa. Kilichowaliza hakimo ndani ya alichopewa.

Waliolia waliiona Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa katika miaka ya 1950, na wengi waliiona tena na tena, maana ilirudishwa kwenye kumbi kila wenye kumbi walipotaka Jumapili iliyojaa. Unguja mjini kulikuwa na kumbi tatu zilizojulikana na kila mtu. Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921 kwa ramani ya J. H. Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali ya mji huo, iliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata pale pale Vuga ikasimama Majestic. Empire ilikuwa Darajani, jirani na soko. Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique, ilikuwa upande wa Malindi. Tarehe hizo ni sahihi, lakini sizo zilizokaa vichwani. Watu walihesabu kwa picha: fulani aliposwa Awaara ilipokuja, fulani alijifungua wiki ya Mother India.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya picha za Kihindi, na mji ulianza kujiandaa mapema. Kanzu na magauni yalifukizwa udi tangu mchana. Nje ya ukumbi walikaa wauza karanga za kukaanga, zilizofungwa kwenye karatasi za magazeti zilizosokotwa kwa ncha chini, na wauza kahawa wakigonganisha vikombe. Walanguzi wa tiketi walisimama pembeni kidogo, wakiwa wamenunua zao asubuhi, wakisubiri dirisha litangaze kwamba nafasi zimekwisha. Ndani, kabla taa hazijazimwa, hewa ilikuwa ya aina yake: asumini iliyovaliwa kichwani, mafuta ya nazi, udi, moshi wa sigara, na joto la mamia ya watu waliovaa vizuri. Yalikuwapo pia maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, na hayo yalikuwa na kelele kuliko yote, kwa kuwa hakukuwa na mume wala kaka wa kumwonea haya.

Kazi ambayo haikumbukwi inavyostahili ni ya mpeleka mikanda. Picha mpya ilipofika, mara nyingi ilikuja nakala moja tu, nayo ikagawanywa baina ya kumbi mbili usiku ule ule. Ukumbi wa kwanza ulianza mapema; wa pili ulianza baadaye, mkanda wa kwanza ulipokwisha kuonyeshwa, ukarudishwa mwanzo na kuletwa. Mkanda wa milimita 35 wenye futi 2,000 huchukua dakika 20 hivi, na picha inayokaribia saa tatu ina mikanda minane au tisa. Kwa hiyo usiku kucha palikuwa na kijana juu ya baiskeli, makopo ya bati yamefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, akipita vichochoroni kati ya Vuga na Darajani huku akipiga kengele watoto wampishe. Alikwenda na mkanda wa tatu, akarudi na wa pili. Akipata pancha, au mvua ikimkuta njiani, kitambaa cha ukumbi wa pili kilibaki cheupe, taa zikawashwa, na watu mamia kadhaa wakaanza kupiga miluzi na kukanyaga sakafu. Kopo likiingia mlangoni, alishangiliwa kuliko staa yeyote aliyemo ndani ya picha. Kijana huyo aliiona Awaara kwa vipande, dakika chache huku na dakika chache kule, na hakuna aliyekuwa na haraka kuliko yeye katika mji mzima.

Hadithi yenyewe ilikuwa imewekwa kana kwamba imekusudiwa watu wa pwani. Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mwungwana lazima awe mwungwana. Ni ile kauli yetu ya kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, ikiwa imevishwa joho la mahakama. Anamfukuza mke wake mwenye mimba kwa kumshuku baada ya kutekwa na jambazi Jagga. Jagga, aliyekuwa na kisasi na jaji, anamlea mtoto wa jaji katika wizi kwa makusudi ya kuipindua kauli hiyo. Kisha anatokea Rita, wakili anayechezwa na Nargis, aliyelelewa katika nyumba ya jaji, anampenda kijana asiye na jina wala baba, na anasimama mahakamani kumtetea. Katika mji ambao ukoo uliulizwa kabla ya jina, na posa ilipangwa na wazee wawili juu ya kahawa, msichana aliyechagua mwenyewe na asijute lilikuwa jambo la kuzungumzwa wiki nzima. Lilizungumzwa kweli: barazani, visimani, jikoni. Tuni za picha hizo zikaingia kwenye taarabu zikapewa maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa akajenga jina lake lote juu ya sauti ya Kihindi iliyokwisha kuwa ya Kimvita.

Ikitazamwa leo nyumbani, kwa utulivu na kwa nakala isiyokatwa, Awaara inasimama imara kuliko wengi wanavyotarajia. Sehemu ya ndoto, yenye ngazi zinazopotelea mawinguni na masanamu makubwa yanayoinama juu ya kijana aliyekata tamaa, bado inashinda mengi yanayotengenezwa kwa kompyuta, kwa sababu kila wingu lililomo ni moshi wa kweli uliopulizwa na mtu. Mwanga wa Radhu Karmakar, mpiga picha wake, unachonga nyuso kama wachongaji wanavyochonga milango. Mashauri ya mahakamani yanarefuka, hilo ni kweli. Na liko tukio la ufukweni ambapo Raj, yule kijana, anampiga Rita kwa kumwita mshenzi, naye Rita hamwachi. Ukumbini watu walilipita, sebuleni binti aliyekaa na mama yake halipiti, na hana sababu ya kulipita. Picha nzuri inaweza kuwa na doa la aina hiyo, na doa lisemwe.

Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ilikuja ikiwa ya rangi, na rangi hizo ndizo zinazoumia zaidi katika nakala mbovu: udongo mwekundu unageuka kahawia, na moto unageuka manjano iliyofifia. Nargis ni Radha, mama aliyeachwa na mume, aliyekopeshwa na mkopeshaji asiyeshiba, na ambaye mwishowe anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa sababu ameteka msichana wa kijiji. Sunil Dutt aliyecheza Birju na Nargis aliyecheza mama yake walizaliwa Juni 1929, siku chache mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1958 wakaoana. Kwenye runinga safi ya leo unga mweupe uliopakwa nywele za Radha mzee unaonekana wazi. Lakini mgongo wake haudanganyi: anavyoinuka kutoka kwenye matope baada ya mafuriko, mkono mmoja ukitafuta jembe kabla mwili haujasimama sawasawa, ni mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote. Mwigizaji bora kumpita kila mtu humo, hata hivyo, ni Kanhaiyalal, aliyekuwa mkopeshaji Sukhilala. Mehboob Khan alikwisha kuitengeneza hadithi hiyo mwaka 1940 kwa jina la Aurat, na Kanhaiyalal alikuwa Sukhilala huko pia. Hapigi kelele hata mara moja. Anafungua daftari, anatabasamu, anasoma deni. Mkulima yeyote aliyewahi kuuza mazao yake yakiwa bado shambani anamfahamu mtu huyo.

Kisha Sholay. Ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, ikiongozwa na Ramesh Sippy kwa maandishi ya Salim Khan na Javed Akhtar, na katika Bombay iliendelea kuonyeshwa katika ukumbi wa Minerva kwa zaidi ya miaka mitano. Ilipofika kwetu ilikuta watazamaji wenye sheria yao moja isiyovunjwa: stelingi hafi. Adui afe, rafiki wa stelingi afe akibidi, baba mzee afe. Stelingi anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, na anarudi. Jai, yaani Amitabh Bachchan, alipobaki peke yake kwenye daraja akiwazuia majambazi, ukumbi ulikuwa ukimshangilia, ukiwa na hakika atatoka. Akafa mikononi mwa rafiki yake Veeru, na ile sarafu aliyokuwa akiirusha kuamua mambo ikaonekana ina sura ile ile pande zote mbili. Kila mara alikuwa amekwisha kuchagua. Watu walitoka nje wakibishana kama wametapeliwa. Wengine walirudi kesho yake kuhakikisha.

Mshtuko huo hauwezi kuletwa nyumbani na mtambo wowote. Anayeitazama Sholay sasa ameshaambiwa kabla hajaanza kwamba Jai anakufa. Lakini yapo yanayoonekana vizuri zaidi sebuleni: jioni zile ambapo Radha, mjane aliyechezwa na Jaya Bhaduri, anazima taa za kibarazani moja baada ya nyingine, huku Jai akipuliza kinanda chake cha mdomo kule ng'ambo ya ua. Hawasemi neno. Ukumbini, sehemu hiyo vijana waliitumia kwenda kununua karanga. Na ipo sauti ya bembea inayolia baada ya jambazi Gabbar Singh kuua jamaa za Thakur, mzee aliyewaajiri Jai na Veeru, sauti nyembamba, kavu, inayoendelea wakati kila kitu kingine kimenyamaza. Kwenye spika ya simu haisikiki. Anayetaka kujua kwa nini Amjad Khan, aliyecheza Gabbar akiwa bado hajulikani sana katika sinema, aliogopewa kiasi kile, atafute spika nzuri kwanza.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Drive-in ya Msasani, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966 na kujaza familia nzima nzima kwenye magari na mikeka, ikafungwa, na kiwanja chake sasa ni cha ubalozi wa Marekani. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya nazo ziliadimika, na mikanda ya zamani ilionyeshwa hadi ikachanika na kuungwa kwa gundi katikati ya nyimbo. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Deki za video ziliingia kutoka Ghuba ndani ya mizigo ya jamaa, na aliyekuwa na deki akawa na ukumbi. Vikafuata vibanda umiza vya video, benchi za mbao na sauti ya mfasiri Lufufu ikieleza picha kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kazi yenye ufundi mkubwa ambayo haijapewa heshima yake. Kumbi moja baada ya nyingine zikawa maduka, makanisa, maghala. Majestic ikachakaa pale pale Vuga. Siku hizi runinga za kulipia huleta tamthilia za Kihindi na Kituruki zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtoto wa miaka kumi hajui tena kwamba aliyemzidi umri alijifunza Kihindi cha kutosha kutongozea kwa kukaa gizani kila Jumapili.

Linaloudhi si simu. Simu imewarudishia wagonjwa, wazee na walio mbali picha walizodhani hawataziona tena. Linaloudhi ni uzembe wa nakala: umbo lililokatwa, nyimbo zilizotolewa, maandishi ya matangazo yanayopita juu ya uso wa Nargis. Picha hizi zilijengwa na mapumziko katikati, na kabla ya mapumziko hadithi hufungwa fundo makusudi. Anayetazama nyumbani na asimame pale, anywe chai, azungumze, ndipo aendelee. Nakala yenye weusi pande mbili za kioo ndiyo sahihi kwa Awaara na Mother India. Iliyojaa kioo imeibiwa kitu.

Kwa Sholay, mtazamaji wa leo amepata hata zaidi ya yule wa Empire. Mwisho ulioonyeshwa kwenye kumbi, ambapo polisi wanafika na kumzuia Thakur asimuue Gabbar, ulipigwa upya kwa amri ya wakaguzi wa filamu wa India, wakati wa hali ya hatari ya mwaka 1975. Mwisho wa awali ulizunguka kwa miaka katika kanda na diski za ubora wa kubahatisha, na Juni 2025 picha nzima iliyosafishwa, ikiwa na mwisho huo, ilionyeshwa Bologna, Italia. Humo Thakur, asiye na mikono, anamuua Gabbar kwa viatu vyake vyenye misumari, kisha anaangua kilio. Ndio mwisho ulio bora. Polisi wa mwisho wa pili wanatoka mahali ambapo hadithi haikuwaweka, wakati kilio cha Thakur kimeandaliwa tangu bembea ilipoanza kulia.